Zikunda, Mkuki Wenye Jina la Mtu

1

Mtu wa kwanza niliyemuua kwa Zikunda alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Kondoa, na sitawadanganya, sikujuta. Nilimwingiza mkuki chini ya kwapa la kushoto, nikausikia ukikwaruza mbavu, nikauzungusha kama mama anavyosonga ugali. Mwalimu akanitapikia damu viatuni, akaanguka, akafa. Dakika tatu baadaye alikuwa amekaa kwenye kiti chake upande wa pili wa ukumbi, amevua fulana, anakunywa maji na glasi inamgonga meno, ananitazama kama vile nimemla ng'ombe wake.

Huo ndio uzuri wa Uwanja. Unamchinja mtu saa nane, saa tisa mnagombania chipsi kwenye sahani moja.

Mimi ni Galinoma Kikoti wa Iringa, na kazi yangu ilikuwa kuua kwa niaba ya watu. Vijiji vikigombania mpaka wa shamba, koo zikigombania chanzo cha maji, Baraza la Usuluhishi halisikilizi tena mashahidi, huu mwaka wa saba. Linaita wachezaji wawili, linawavalisha fulana, linawaingiza mchezoni. Atakayebaki amesimama, upande wake umeshinda kesi. Wazee walilipinga jambo hili mpaka walipohesabu kwamba tangu lianze hakuna shamba lililomwagikiwa damu ya kweli. Wakanyamaza, kisha wakaanza kushangilia.

Fulana ndiyo inayofanya kazi yote. Imefumwa kwa nyuzi zinazozungumza na mishipa ya fahamu: ukichomwa kule ndani, mwili wako huku nje unaamini umechomwa. Ila kuna dari. Maumivu yanapimwa kuanzia moja hadi kumi, na mechi za kawaida zinaishia sita. Sita ni kama kung'olewa jino na fundi baiskeli. Inauma, lakini unaishi kuisimulia.

Wa kumi na saba hakuishi kuisimulia.

Alikuwa kijana wa Singida, Elibariki Njiku, mcheshi kunizidi mimi, na hilo silikubali kirahisi. Nilimchoma shingoni kwa nyuma. Akapiga magoti, mikono yake ikarudi mgongoni yenyewe, akalala kifudifudi kwenye majivu. Nikainua Zikunda juu nikapiga ukelele, watazamaji wakapiga pamoja nami. Dakika tatu zikapita. Tano. Wauguzi walipomgeuza kwenye kiti chake, mikono ilikuwa bado nyuma, imekazana kwenye vifundo, ikabidi wawe wawili kuitenganisha.

Daktari akaandika: moyo. Nami nikaandika hivyohivyo kichwani mwangu, nikaenda kulala.

2

Fundi Yusta, dada mmoja mwembamba asiyecheka hata umtekenye, ndiye aliyeitengeneza Zikunda kwenye karakana ya kampuni ya mchezo pale Iringa. Wiki moja baada ya Njiku kuzikwa akaniita. Juu ya meza yake kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake mkuki mweusi wa kutu, fuvu, pingili saba za shingo na mifupa ya mikono miwili.

"Hivi vimerudi kutoka Ulaya mwaka juzi," akasema. "Afisa wa Kijerumani alivichukua kwenye boma la ukoo wenu. Vimekaa kwenye droo huko miaka mia moja na themanini na kitu."

"Karibu nyumbani, babu," nikaliambia fuvu. Yusta hakucheka.

"Silaha nyingine zote za mchezo, maumivu yake tumeyatunga sisi. Tunakaa, tunakadiria, tunajaribu kwa wafanyakazi. Hii hatukutunga. Tuliiingiza mifupa kwenye mashine, mashine ikasoma kila alama iliyoachwa na chuma, ikapiga hesabu mishipa ya mtu huyu ilikuwa inapeleka nini kichwani dakika zake za mwisho. Hesabu ile ndiyo tuliyoitia kwenye mkuki."

"Kwa hiyo watu wote hao nawaua kwa kifo cha mtu mmoja?"

"Ndiyo maana hakuna fulana inayokizoea." Akafungua faili. "Kuna kitu sikielewi. Kila unayemchoma hujaza fomu. Wewe umechoma makwapa, matumbo, shingo. Hujawahi kumchoma mtu mkononi. Lakini wote kumi na sita waliobaki hai wameandika kwamba vifundo vya mikono vinauma. Na magoti."

"Labda hitilafu."

"Labda," akasema Yusta, akaifunga faili kwa namna ya mtu asiyeamini labda yoyote.

Nilijua hadithi ya ule mkuki kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Hata wewe unaijua kama umewahi kucheza. Kwenye kadi ya silaha imeandikwa: *Zikunda. Mkuki wa Wahehe. Umepewa jina la shujaa wa Kingoni aliyeuawa nao ana kwa ana, wakati wa vita vya Wahehe na Wangoni.* Maneno hayo kampuni iliyapata kwa baba mkubwa wangu, Mzee Mgongolwa, msemaji wa ukoo. Kwetu mkuki huchukua jina la mtu wa kwanza uliyemuua. Tunauita kwa jina, tunaumwagia pombe ya kwanza ya mwaka, hata miaka yote ulipokuwa haupo: Zikunda, kunywa. Na anayelitaja jina lile kwenye tambiko huweka mikono nyuma ya mgongo, kifundo juu ya kifundo. Mtoto ukisahau unapigwa. Ni adabu, tuliambiwa, ya kumheshimu adui hodari.

Sasa mifupa ilikuwa imerudi, na kesi ikazuka. Ukoo wa Tawete wa Songea ulisema yule ni babu yao, wapewe wamzike. Baba mkubwa akasema mkuki na kichwa ni ushindi wetu halali, na mahali pake ni kwenye jumba jipya la kumbukumbu za vita pale Iringa, kwenye kioo, taa ya njano imulike. Baraza likafanya linalofanyaga: likaita wachezaji. Kwa kuwa ni kesi ya mifupa ya mtu, dari likapandishwa mpaka tisa. Mshindi ndiye angetamka mifupa iende wapi. Wakitoka sare, au mmoja akikataa kupigana, mifupa ingerudi kwenye droo Ulaya.

"Mwanangu," baba mkubwa akaniambia siku ninaondoka, "babu yako Kikoti alisimama na Zikunda kifua kwa kifua. Ngao kwa ngao. Kutwa nzima. Jua lilipokwenda kuzama ndipo akamweka chini." Mikono yake ilikuwa mgongoni. "Usituaibishe kwa Wangoni."

"Baba mkubwa, mimi siwezi hata kusimama foleni kutwa nzima."

"Ndiyo maana umepewa mkuki wenyewe."

3

Mechi ilipangwa Makambako kwa sababu ni katikati, na kwa sababu pale upepo unampiga kila mtu bila kuuliza kabila. Mpinzani wangu nilimkuta kwenye chumba cha kupimia fulana. Gotfrida Tawete, mabega mapana, nywele fupi, muuguzi wa wanyama kwa kazi, mchezaji wa rungu. Alikuwa na dada zake wawili. Kusema kweli nilikuwa nimekuja na salamu nzuri kabisa.

"Kamwene," nikasema.

"Jamani, nani kawafungulia Wahehe?" akawauliza dada zake. "Shikeni mbwa wenu."

"Usihofu, mtani, nimeshiba. Ila yule mweupe pale getini ni wa nani?"

Wakacheka wote watatu, na mimi nikacheka, maana Wahehe tunasingiziwa kula mbwa. Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita vile vilipokwisha. Tuliuana mpaka tukachoka, tukaanza kutukanana badala yake. Mtani anakutukana msibani na huruhusiwi kununa. Anakuchimbia kaburi, anakutania hata ukiwa ndani ya jeneza. Na mtani akikuomba kitu, humnyimi.

Dada zake walipotoka, uso wake ukabadilika.

"Nikuulize kitu cha kweli, mtani. Babu yangu alikufaje?"

"Imeandikwa kwenye kadi."

"Kadi nimeikariri. Kwetu hakuna hadithi hata moja. Tunachojua ni kwamba alitumwa na wakubwa kupeleka maneno ya amani kwenu, akaondoka asubuhi, hakurudi. Mke wake aliuliza mpaka akafa. Binti yake akauliza mpaka akafa. Ikaja hivyo mpaka kwangu."

"Alikufa kiume," nikasema.

"Hivyo ndivyo wasemavyo watu ambao hawakuwepo," akajibu, akavaa fulana yake.

4

Mchezo ulitupeleka kwenye bonde la nyasi zilizoungua. Majivu mpaka kifundoni, jua jeupe utosini, na mahali fulani juu yetu sauti za watu elfu arobaini zikivuma kama nyuki.

Niliwahi kusema kwamba sita ni jino. Tisa sina mfano wake. Rungu lake la kwanza lilitua sikioni, sikio likaondoka. Sikuzidisha, liliondoka kweli, nililiona likiruka kwenye majivu kama kipande cha nyama kilichomponyoka muuza mishkaki. La pili likavunja vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Nikapiga magoti, nikamkata paja. Damu yake ikanimwagikia usoni, ya moto, ikaniziba macho. Nikasikia upepo wa rungu, nikainama, likapita. Nikamchoma tumboni kwa mpini ili apumue vibaya, kisha nikageuza chuma.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka kumaliza kwa madoido, ule mzunguko wangu ambao watoto wanauiga mitaani. Gotfrida hakungoja mzunguko uishe. Aliudaka mpini kwa mikono miwili, akaniinulia goti kwenye mbavu mpaka nikasikia mbili zikivunjika, akanipokonya Zikunda, akanichoma nayo begani.

Kwa miaka miwili nilikuwa mtu wa kushika. Sikuwahi kuwa mtu wa kuchomwa.

Bega halikuuma. Yaani liliuma, lakini nilikuwa sipo pale begani. Nilikuwa kwenye vifundo vya mikono yangu. Kamba. Kamba ya magome, mbichi, imekazwa mpaka vidole vimekufa ganzi. Magoti kwenye kokoto. Goti la mtu mwingine katikati ya mgongo wangu, linanisukuma, na udongo mdomoni. Sikufa, kwa sababu bega si shingo. Kile kifo kilinipitia tu kama mtu anayechungulia mlangoni. Lakini aliyechungulia nilimwona.

Na nikamwona baba mkubwa, mikono mgongoni, kifundo juu ya kifundo. Nikawaona baba zangu wadogo, wamesimama mstari mmoja kwenye tambiko. Nikajiona mimi nikiwa na miaka sita, nimechapwa fimbo kwa kusahau. Miaka mia mbili tunasimulia uongo kwa mdomo, na mikono inasema kweli, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitazama mikono.

Hakukuwa na ngao kwa ngao. Mjumbe alifungwa, akapigishwa magoti, akachomwa kwa nyuma.

Gotfrida alikuwa anauvuta mkuki atoboe tena. Mwili wangu uliamua bila kuniuliza: nikamkanyaga goti kwa upande, likapinda pale ambapo goti halipindi. Akaanguka akipiga yowe. Nikautoa mkuki begani kwa mkono wenye vidole, nikamzunguka, nikasimama nyuma yake. Alikuwa amepiga magoti. Elfu arobaini walikuwa wanaimba, "Zi-kun-da! Zi-kun-da!" Walikuwa wanaimba jina la mtu aliyefungwa, na hawakujua.

"Mtani," nikamwambia. Nilijua vipaza sauti vinachukua kila neno. "Hakupigana. Alikuwa amefungwa mikono. Walimchoma kwa nyuma, akiwa amepiga magoti. Hadithi yetu ni uongo."

Kelele za juu zikapungua, kama redio inayoishiwa betri.

Gotfrida akatema majivu. Kisha, na damu ikimtoka puani, akasema, "Tangu lini Mngoni akaamini maneno ya Mhehe?"

"Nimeyaona."

"Umechungulia. Nimekuchoma bega." Hakugeuka. "Nichome mimi. Shingoni."

Nikaurusha mkuki mbele ya magoti yake. "Chukua. Nichome wewe, ushinde, mkamzike. Kesi imekwisha."

Aliuangalia pale kwenye majivu. Alikuwa na nafasi ya kuuchukua, mimi nilikuwa na mbavu mbili zilizovunjika na sikio moja.

"Nikikuchoma wewe, atakayejua ni wewe," akasema. "Mtarudi nao Iringa tena, ukweli wenyewe. Nanyi ndio mtatusimulia. Hapana. Huyu ni wangu."

"Kuna kijana wa Singida hakuamka, Gotfrida. Na ile ilikuwa sita. Hii ni tisa."

"Najua. Nilikwenda kwenye msiba wake." Akainamisha kichwa. "Mtani anakuomba kitu. Unamnyima?"

Nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Alipokataa kunichoma, nilifurahi. Nilimpa mkuki nikijifanya mkarimu, na moyo wangu ulikuwa unapiga kelele asiuchukue. Huyo ndiye bingwa wenu.

Nikauokota. Zilikuwepo njia tatu. Nikikataa, Zikunda anarudi kwenye droo ya wageni na Gotfrida anarudi nyumbani kuuliza mpaka afe. Nikimchoma pembeni, paja au bega, sheria haihesabu kifo, na yeye angejua nimemdanganya. Njia ya tatu ilikuwa shingo yake, mahali ambapo nywele fupi zinaishia, jasho na majivu vimetengeneza mstari.

Nikachoma. Mara moja, kwa nguvu zote, ili isirudiwe.

Sauti aliyoitoa haikuwa ya mtu mzima wala ya mtoto. Mikono yake ikaruka nyuma, kifundo juu ya kifundo, akaenda mbele, uso kwenye majivu. Bonde likazimika.

5

Nilivua fulana nikakimbia hata kabla taa hazijawaka. Alikuwa ameinama kwenye kiti chake, mikono mgongoni, povu mdomoni. Wauguzi walikuwa wanampiga kifua. Dakika tatu. Tano. Dada yake mmoja alinishika shati akawa ananipiga ngumi za uso, moja baada ya nyingine, za kweli hizi, hazina dari, na mimi nilisimama nikazipokea kwa sababu nilikuwa nahesabu dakika. Kwenye ya tisa Gotfrida akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani.

Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mara tatu," akasema.

"Nilichoma mara moja."

"Wewe, ndiyo. Wao, mara tatu. Mbili za kwanza ziligonga mfupa." Akajipangusa povu begani. "Aliyeushika alikuwa anatetemeka, mtani. Nyuma yangu mtu alikuwa anatetemeka."

Mwamuzi akaja na kibao chake, utaratibu ni utaratibu, akaniambia niweke dole gumba nitamke mali iende wapi. Baba mkubwa alikuwa ameshafika, amevaa shuka la heshima, amesimama karibu kabisa. Nilisikia harufu ya tumbaku yake.

"Songea," nikasema. "Fuvu, mifupa, na mkuki. Kampuni iufute mchezoni na jina lake liondolewe."

Kofi la baba mkubwa lilinipata upande wa sikio lile lile. Hakutukana. Alinitazama tu, na nikaona anajaribu kupata mahali pa kuiweka mikono yake na hapapati. Aliivusha kifuani, akaishusha, akaitia mfukoni. Kisha akageuka akaondoka. Mpaka leo simu yangu haipokei.

Tulimzika Zikunda siku ya kumi na moja, kwenye kijiji chao nje ya Songea, saa nne asubuhi. Wahehe tulikuwa watatu tu, mimi na binamu wawili waliokuja bila wake zao kujua, na kwa kuwa sisi ni watani, tulichimba sisi. Udongo mwekundu, mawe mengi. Mikono ya Gotfrida ilikuwa bado nyuma. Madaktari walisema mishipa imekaza, huenda ikalegea baada ya mwezi, huenda isilegee. Asubuhi ile nilimlisha uji kwa kijiko mbele ya ukoo mzima, akalalamika kwamba Mhehe hajui kulisha binadamu.

Mifupa ikashushwa. Mkuki tukauvunja mpini tukauweka miguuni pake. Kisha nikaona watu wote wananitazama. Padri amemaliza, wazee wamemaliza. Ilikuwa zamu ya mtani. Maiti haondoki bila kutukanwa na mtani wake, na huyu alikuwa amengoja muda mrefu kuliko maiti yeyote niliyewahi kumsikia.

Nikalichomeka koleo udongoni, nikajipangusa mikono, nikajipangusa tena.

"Sema, bwana," Gotfrida akasema. "Jua linawaka."

Nikasogea ukingoni. Nikapaza sauti kama inavyotakiwa.

"We Zikunda! Ukoo wako wote wamekimbia kutoka kusini ya mbali, wakavuka mito, wakavuka milima, wakakimbia mpaka hapa. Wewe peke yako umetumwa hapo jirani tu, ukashindwa kukimbia! Mngoni gani wewe?"

Hakuna aliyecheka. Upepo ulipita kwenye mahindi. Nikajua nimevuka mpaka ambao hata mtani havuki, na nikangoja mtu anirushe humo humo kaburini.

"Alifungwa, mjinga wewe," akasema Gotfrida. Sauti yake ilikuwa na machozi, lakini ilikuwa ya utani, ile ile ya chumba cha kupimia.

"Najua," nikamjibu kwa sauti, ili hata walioko nyuma wasikie. "Sisi ndio tuliomfunga."

Bibi mmoja mstari wa mbele akaguna, kisha akaangua kicheko kikavu, na kicheko kikawashika wengine mpaka kikageuka kilio. Nikachukua koleo nikaanza kufukia.